Kasa Tuliyemruhusu

Jumatatu, 4 Februari

Mayavuyavu yamefika, yale madude ya baharini laini kama jeli. Asubuhi nimetoka getini nikakuta bahari imekuwa nzito kama uji uliolala. Rojorojo tupu mpaka kwenye ngazi za gati. Kila msimu huu ni hivi — yakija haya, kasa nao wanayafuata, wanakula mpaka wanasahau kuogopa watu.

Daktari kafurahi. Kasema Shangazi sasa arudi baharini, chakula kimejaa, hata kasa mvivu hawezi kufa njaa. Shangazi ni kasa wetu mkubwa, aliletwa hapa kituoni tunakotibia kasa, pezi likiwa limekatwa na uzi wa nyavu. Kapona. Wifi yangu ndiye aliyemlisha tangu aletwe, na Daktari katamka mbele ya wote: Shangazi akienda salama, wifi anakuwa msimamizi wetu sote.

Wifi! Mke wa kaka yangu, niliyemwombea kazi hapa mimi mwenyewe kwa miguu yangu. Mimi nasugua matangi, yeye atanipangia zamu. Haya.

Jumatano, 6 Februari

Nimeona kitu.

Wifi humlisha mayavuyavu ya kwenye friza. Huyahifadhi kwenye mifuko ya nailoni, ile inayoonyesha ndani. Anayayeyusha, anakuja na mfuko mkononi, anamimina tangini. Njia hiyo kaianzisha mwenyewe na wote wanamsifia usafi. Leo mfuko mtupu umemponyoka ukaelea, naye alikuwa keshageuka kwenda kupiga soga na mhasibu. Shangazi akaacha chakula chote kilichomzunguka, akaufuata mfuko. Mdomo wazi! Nimeuchomoa kwa wavu, ncha ilikuwa imeshaingia.

Kwa hiyo kwake mfuko ndio chakula. Na bahari hii, kule mtaro wa soko unapomwaga, ina mifuko kuliko samaki.

Nilitaka kusema. Kweli nilitaka. Nikamfuata wifi jikoni, nikamkuta anawachekesha wenzake juu yangu: huyu mpeni brashi tu, mkimpa kasa atamsugua mpaka gamba litoke. Wakacheka. Na mimi nikacheka. Nikala chakula changu, nikanyamaza.

Jumamosi, 9 Februari

Nimejaribu ili nihakikishe. Wifi yuko mapumziko leo. Nimechota mayavuyavu mabichi kwa ndoo nikayamwaga tangini, halafu nikatumbukiza mfuko mtupu niliofunga kwenye fimbo. Shangazi kayapita yote. Hata hakuyatazama. Nimemzungusha tangi zima, anaufuata ule mfuko tu, shingo kaitoa yote. Nimecheka peke yangu mpaka machozi.

Jioni nikapita kwa kaka. Wifi kashonesha gauni la siku ya kumwachia Shangazi, anajigeuzageuza mbele ya kioo. Kaka kaniuliza mgonjwa wenu anaendeleaje. Mzima kabisa, nikamwambia. Kisha nikamsaidia wifi kufunga zipu.

Jumanne, 12 Februari

Leo ilikuwa ruhusa. Hapa kwetu kasa haondoki mpaka kila mfanyakazi, hata mlinzi, amwekee mkono gambani na kusema: aende. Mmoja akikataa, safari inaahirishwa, na haruhusiwi mtu kumnunia.

Mlinzi kasema aende. Mpishi, mhasibu, wote. Zamu yangu ilipofika nikaweka mkono. Gamba baridi. Daktari kaniuliza, una wasiwasi wowote? Neno moja lingetosha — subirini kwanza, tumwachishe mifuko. Ningemwokoa. Lakini ningemwokoa na wifi humohumo, na makosa yake yangeonekana kitu kidogo cha kurekebishwa. Nilimtaka aaibike sawasawa.

Nikasema aende. Wifi kanikumbatia, machozi yake yote begani kwangu.

Alhamisi, 14 Februari

Kaenda. Gati lilijaa watu, simu juu. Gauni limempendeza wifi, nakiri, na limeniuma. Shangazi kateleza kwenye mbao, kapiga pezi, kapotea ndani ya ile rojo. Makofi. Daktari kamshika wifi mkono, kamtangaza.

Kwa muda kidogo nilitamani niwe nimekosea. Aone chakula, ale, asahau mifuko. Kisha nikasikia mpishi anamwita wifi "bosi", nikaacha kutamani.

Jumapili, 17 Februari

Wamemrudisha.

Wauza samaki wamemkuta penye mtaro wa soko, anaelea, hawezi kuzama. Mayavuyavu yalimzunguka pande zote, hajayagusa. Wamemleta kwa mkokoteni. Daktari kamfungua mdomo, kavuta kipande cha nailoni. Kikafuata kingine, na kingine. Vilivyobaki viko tumboni, lazima apasuliwe. Kasema huenda asiamke.

Wifi kakaa sakafuni, kanishika mguu. Nimekosea wapi, wifi? Wewe ulikuwa unaniona kila siku, niambie. Jibu lilikuwa mdomoni. Si ndilo nililolingoja? Hapa ndipo nilipopanga kufurahi, na sikuiona hiyo furaha. Nikamwambia sijui.

Daktari kanigeukia mbele ya wote: wewe unayesafisha tangi, hujawahi kumwona anafuata mfuko? Wifi kawahi kunijibia. Angeona angesema. Huyu ni ndugu yangu, Daktari, wa kufa na kuzikana.  Daktari ananitazama tu.

Sasa wanaandaa meza. Nimejifungia stoo, naandika nimeketi juu ya gunia. Shangazi anapumua kwa kukoroma, namsikia hadi huku. Wanatafuta mtu wa kumshika kichwa. Wifi kasema yeye hawezi. Mwiteni wifi yangu, kasema, Shangazi anamwamini.

Wananigongea. Nimesema nakuja.