Mwadhini wa Mtongwe ni Mmoja

Jumatatu, 2 Oktoba 1961

Bi Nduku, mwanafunzi wa Makerere, ameanza utafiti wake leo hapa ofisi yetu ya elimu. Anachunguza vijana wa Likoni waliishia wapi baada ya shule. Nimemwandalia kadi 340 — mahudhurio, mtihani, kazi ya baba, sababu ya kutoka. Badala ya majina, nambari tu. Daftari la majina limo kabatini, ufunguo ninao mimi. Kadi hazitoki chumbani, na karatasi zake nazikagua. Akauliza, hii ni ofisi au forodha, Bwana Rashid? Forodha, nikamjibu.

Jumatano, 4 Oktoba

Mkubwa wangu, Bwana Mohdhar, kaja na Kefa, mwajiri wa kiwanda kimoja Changamwe. Anataka kuwajua waliofukuzwa kwa mgomo wa shule mwaka juzi, asiwachukue kazini. Nilikataa kufungua kabati. Kefa akasema kadi zatosha. Mohdhar akampa. Sikumzuia — nambari zitamwambia nini?

Kefa akasoma kadi 212: baba mwadhini, Mtongwe. Alifukuzwa, mgomo.

"Mtongwe mna waadhini wangapi?"

"Mmoja tu," Mohdhar akajibu. "Subiri adhuhuri, utamsikia."

Wakacheka. Kefa akaandika jina alilotajiwa na Mohdhar: Mbarak, mwana wa mwadhini. Zilizobaki atazisoma Ijumaa.

Kazi ya baba niliiandika mimi. Hakuna aliyeniagiza. Kwetu humtaji mtu usiseme ni wa nani.

Alhamisi, 5 Oktoba

Kutwa nafuta kazi za baba kadini kwa wino mweusi. Daftarini zimo, hazitapotea. Nilimwambia Nduku, nikitarajia ugomvi, maana utafiti wake wazitegemea. Akaniuliza kalamu ya pili iko wapi. Mkono umekufa ganzi. Zimekwisha zote.

Ijumaa, 6 Oktoba

Kefa kafungua kadi, kakuta weusi. Akamtazama Mohdhar. Mohdhar akanitaka ufunguo.

Nikasema sitoi.

"Wallahi Rashid, kazi yako naishika mkononi."

Nikamwambia aishike vizuri. Nduku akakohoa, akainamia karatasi zake.

Mohdhar akatazama saa. Akasema akitoka msikitini aukute mezani, au nisikae tena kiti hiki. Wametoka.

Adhana inaingia dirishani. Ni yeye, baba yake 212. Sauti imetulia — hajaambiwa habari ya mwanawe. Baada ya swala nitamwambia mwenyewe, na kwamba mkono ulioandika kazi yake kadini ni wangu. Kisha nitarudi kukaa kiti hiki.

Nimevaa kofia. Ufunguo umo mfukoni. Meza naiacha tupu.