Mahindi ya Mama Yamekataa

Jumapili, Julai. Kitengela kuna baridi, na mawingu hayajaachia jua tangu asubuhi. Leo tumevuna mahindi ya mama na sina raha hata kidogo.

Msimu uliopita alipanda mbegu ya pakiti kwa mara ya kwanza. Mahindi yakatoka sawa yote, marefu, yamejaa punje. Mama akafanya alivyofanya miaka yote kule Machakos: akachagua yaliyo bora, akayaning'iniza juu ya meko yakaushwe na moshi, yawe mbegu. Tangu baba afariki nikamleta hapa, hicho ndicho kitu pekee ambacho watu humjia kuomba. Aliwagawia hata wanawake wawili majirani wa kanisani.

Mimi nafundisha biolojia. Wiki ileile nilikuwa ubaoni nikiwaeleza Kidato cha Nne kwamba mbegu chotara, kama ile ya pakiti, ina wazazi wawili tofauti. Watoto wao hutoka sawa, lakini wajukuu hugawana tabia, na zile zilizojificha hutokea tena. Nikarudi nyumbani, nikayaona yale mahindi kwenye moshi, nikanyamaza.

Nilijiambia ni heshima.

Uongo. Niliogopa kuonekana msomi anayemfundisha mama yake kuchagua mbegu.

Mvua haikutunyima msimu huu. Ila leo shambani mimea mingine ilinipita kichwa bila hindi la maana, na mingine ilinifika kiunoni. Mama alimenya hindi moja, akakuta punje za kuhesabu, akaketi palepale kwenye udongo.

“Mkono wangu umeisha,” akasema. “Sichagui mbegu tena.”

Hapo ndipo nilipomwambia yote, kwamba kosa si la mkono wake, mbegu ya pakiti ndivyo ilivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Ulikuwa unajua hata kabla sijapanda?”

“Ndiyo, mwaitu,” nikasema, nikimwita mama kwa Kikamba chetu.

“Na ukaniacha niwapatie watu?”

Aliinuka akaendelea kuvuna, akamaliza mistari yake na yangu. Naona aibu kubwa.

Jioni hii amesema kesho tutaenda kwa wale majirani, na mimi ndiye nitakayeongea. Darasa la wanafunzi arobaini halijawahi kunitisha. Kwa hawa wanawake wawili, nitaanzia wapi?