Goti la Athanasie na gunia la viazi

Papa Grégoire, mshauri wetu, nakuandikia nikiwa nimenyoosha mguu juu ya kiti maana goti la kuume halikunjiki tena, nami nina miaka ishirini na mbili, nalima na Mama hapa Bihambwe na jioni nafanya karate katika uwanja wa parokia, na mwezi ujao kuna mtihani wa mkanda wa kahawia, unaotaka teke la kuruka liguse kibuyu kilichoning'inizwa kwa kamba, na mimi kila mara napungukiwa kiganja kimoja, ndipo maître wetu, mwalimu wa karate Damascène, akasema mbele ya wote, "Dada, hii teke iko ya kufukuza kuku," wakacheka mpaka nikakosa pa kutazama. Basi nikawaza, sisi wanawake wa huku tunapanda milima na mzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso, na miguu yetu ina nguvu kwa sababu hiyo, nikajifunga kilo ishirini za viazi nikawa naruka toka ngazi moja ya shamba letu la mlimani hadi ya chini yake, mara sitini kila asubuhi, na mabuti ya shamba, wiki tatu, na goti lilipovimba maître akaniambia, "Goti yenye kuuma njo iko inajifunza kazi," yaani maumivu ndiyo mafunzo, nikaendelea, na Mama nikamdanganya kwamba ni jembe. Sasa mjomba wangu Sébastien, mwindaji wa Walikale, anataka kunichanja magotini kwa wembe wake ule ule anaowachanjia watu wote na kupaka majivu ya mifupa ya mboloko, yule swala mdogo wa msituni, ili niruke kama huyo mnyama. Nikubali, ao niache karate?

Athanasie, Bihambwe

Athanasie, hapana mara mbili. Huchanjwi, na karate huiachi.

Mboloko anaruka kwa miguu minne juu ya majani laini, na sijaona hata mmoja aliyebeba viazi. Mjomba umshukuru kwa heshima, umwambie wembe uliopita kwa wengine unaleta ugonjwa kwenye damu.

Wewe hukuwa unajifunza kuruka. Ulikuwa unaanguka, mara sitini kwa siku, na gunia mgongoni. Kupanda polepole na mzigo kunaimarisha mguu; kutua nao kwenye mteremko kunauharibu. Ulikosea kwa bidii, nakusamehe. Damascène simsamehei. Amefunga mkanda mweusi na hajui tofauti ya misuli iliyochoka na goti lililovimba!

Kesho nenda kituo cha afya, umwambie muuguzi ukweli, na Mama vilevile. Usiruke mpaka uvimbe uishe na uweze kuchuchumaa bila maumivu. Hapo anza kuchuchumaa na kuinuka taratibu, na kujiinua kwa vidole vya miguu, wiki kadhaa. Nguvu ikirudi, ruka toka chini kwenda juu ya kigogo kifupi, kwenye nyasi tambarare, utue kimya, magoti yamekunjwa na kuelekea vidole vinakoelekea, kisha ushuke kwa kutembea. Mara ishirini zinatosha, siku mbili kwa wiki, na kamwe si siku uliyolima mlimani, maana hiyo nayo ni mazoezi. Teke liongeze mwisho.

Mtihani wa mwezi ujao umekupita, lakini uende. Damascène akiita jina lako, simama useme wote wasikie: "Maître, goti yangu ilivimba, uliiona, ukasema niendelee. Nitaruka ikipona." Waliocheka nao wana magoti, wasikie. Vibuyu mnapanda kila mwaka. Hilo goti halipandwi.