Neno Aliloachiwa Paka

Ilomba, Mbeya

Kwako mama,

Kamwene. Magoti yanaendeleaje na baridi hii? Mahindi ya bondeni mmeshavuna, au kaka bado anasema kesho? Sisi tupo. Siandiki kwamba hatujambo, maana utajua nimeanza barua kwa uongo.

Anayekuletea barua hii ni Mama Asha, yule mama wa vitenge ambaye babu zake walitoka pwani. Nimemwambia akishuka basi Ipogolo hapo Iringa asiiache kwa mtu, apande nayo mpaka Kihesa akupe mkononi. Vaa miwani yako uisome mwenyewe, usimpe kaka akusomee. Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ninayo, mama. Lakini ikilia, baba Atu anasema, "Weka sauti tusikie wote." Na huko kwako simu anashika kaka, ndiye anayekwambia, "Vero anasalimia, wazima." Miaka kumi na tisa ya ndoa, mimi na wewe tunaongea kupitia wanaume wawili, na wote wawili wanafupisha.

Habari za kifo cha baba mkwe zilikufika. Jinsi alivyokufa najua hukuambiwa.

Unakumbuka siku mliyonikabidhi, mashangazi wa baba Atu kutoka Rungwe walivyonikalisha kwenye mkeka. Mkwe wa kike hamtazami baba mkwe, hasemi naye, hatamki jina lake, akimwona njiani anapisha na kujifunika. Wewe ukanifinya ukasema hata sisi Wahehe tuna heshima zetu, vumilia. Nikavumilia bila shida, kwa sababu mzee alikuwa Rungwe na mimi niko mjini. Majirani zangu wengi wa Kinyakyusa wameshalegeza mambo hayo, wanakula na wakwe zao meza moja. Baba Atu hakulegeza. Mama yake alipofariki akamleta mzee tukae naye, akasema, "Heshima ya baba yangu haibadiliki kwa sababu tuko mjini." Kisha akarudi Tunduma kwenye biashara zake. Atu alikuwa shule ya bweni, kwa hiyo tukabaki wawili nyumba nzima.

Wiki ya kwanza mzee alikunywa chai ya baridi kila siku, maana sikuwa na namna ya kumwambia nimeiweka mlangoni. Halafu asubuhi moja nikasikia sauti chumbani kwake: "Paka wee, mwambie huyo mwenye jiko, mboga ya jana chumvi imezidi."

Tuna paka wa kijivu, mvivu, analala mlangoni pa mzee. Nikacheka, upawa bado uko mkononi. Nikasema, "Paka, mwambie nimesikia, leo itapungua."

Tukaishi hivyo miaka mitatu. Wifi yangu wa Tunduma alipokuja kutusalimia, akasikia, akacheka mpaka akakaa chini. "Mwe! Nyie mna mkalimani mwenye mkia!" Nikuambie ukweli, mama, hakuna mwanamume aliyewahi kunisikiliza kama mzee yule. Baba Atu nikimwuliza jambo anaijibu televisheni. Mzee alikaa nyuma ya mlango, hanioni wala simwoni, lakini nikisema Jumatatu kwamba mgongo unauma, Alhamisi paka anaulizwa kama mgongo wa mwenye jiko umepona.

Atu alipofaulu na kupata nafasi ya unesi huko Iringa, ukamwandalia kitanda, mzee alimwimbia paka wimbo mzima wa Kinyakyusa. Baba Atu hakuimba. Alisema dada yake wa Tunduma anahitaji msichana wa kukaa dukani na kumlelea watoto, shule itangoja. Ulinifundisha kwamba mwanamume haambiwi, anakumbushwa. Nikamkumbusha. Nilimkumbusha wakati wa chai, wakati wa kumpigia shati pasi, wakati amefurahi na wakati amechoka. Kila mara ananiambia, "Nitaamua."

Nikamweleza paka. Mzee akasema, "Paka, mwambie asubiri. Huyo mwanangu akija nitasema naye mwenyewe." Nikalala usingizi mzuri siku hiyo. Neno la baba yake, baba Atu halikatai.

Jumatano yake, asubuhi, nikiwa nachambua maharage, nikamsikia: "Paka, mwambie kifua kinabana. Mkono huu siusikii."

Mama, nilifika mlangoni. Mkono wangu ulishika kitasa, na haukukizungusha. Sijui nikueleze vipi. Nilimsikia akihema, na bado niliwaona wale mashangazi kwenye mkeka. Nikasema, "Paka, mwambie naenda kuita mwanamume aingie." Naye akasema, "Paka, mwambie asikimbie kwanza. Atu aende kwa bibi yake Iringa akasome. Ile ng'ombe yangu ya Rungwe ndiyo ya shule yake. Amwambie mwanangu ni mimi nimesema."

"Paka, mwambie nimesikia."

Nikatoka mbio. Asubuhi hiyo Ilomba yote ilikuwa wanawake peke yao, wanaume wameenda makazini. Nilivuka mitaa mitatu ndipo nikampata kijana wa bajaji akaingia kumbeba. Hospitali nesi akaniuliza jina la mgonjwa. Akauliza tena kwa ukali, watu wanatazama, na mimi jina hilo sijalitamka tangu niolewe. Nikaomba kalamu, nikaliandika kiganjani, nikamwonyesha. Daktari akasema tungemwahisha kidogo tu. Hilo nimelibeba peke yangu, na sasa nimekupa na wewe, unisamehe.

Baba Atu alifika jioni, sauti ya mzee imeshakatika. Akainama kitandani akamwuliza, "Tata, una neno?" Mzee akageuza macho, akanitafuta mimi niliyesimama mlangoni. Na mimi, kama nilivyofundishwa, nikajifunika kanga usoni. Alikufa Ijumaa.

Msibani nilisifiwa, mama. Baba mdogo, mdogo wake marehemu, alisimama mbele ya watu wote akasema, "Huyu Mhehe ametufundisha sisi Wanyakyusa. Miaka mitatu nyumba moja na mkwewe, hajamsemesha hata neno." Wanawake wakapiga vigelegele. Nami nikainamisha kichwa nikakubali sifa.

Baada ya matanga wanaume wakakaa kikao, sisi tuko jikoni. Nikasikia wanagawa mambo, wakafika kwa Atu. Baba Atu akasema mtoto anakwenda Tunduma. Nikatoka, nikapiga magoti mlangoni. Nikasema nina neno la marehemu.

"Alimwambia nani?" baba mdogo akauliza.

Ningesema alimwambia paka wangecheka. Nikasema, "Aliniambia mimi."

Hakuna aliyecheka hata hivyo. Baba mdogo akasema polepole, "Mama Atu, fikiri kabla hujajibu. Ulikuwa unaongea na mkweo? Maana kama uliongea naye, hicho ndicho kilichomuua, na kwenu Kihesa watatoa ng'ombe wa kusafisha mwiko. Kama hukuongea naye, hilo neno umelitoa wapi?"

Nikamgeukia wifi wa Tunduma, kule jikoni. Yeye alijua, alisikia kwa masikio yake mwenyewe akacheka. Alikuwa ameshika mwiko, anasonga ugali. Akaendelea kusonga. Simlaumu sana, maana anayemtaka binti dukani ni yeye, na angesema kaka zake wangemgeukia yeye pia. Lakini nilimtazama mpaka ugali ukaiva.

Baba Atu ndiye aliyemaliza. "Mke wangu hajawahi kusema na baba. Nyie wenyewe mmemsifu. Amechanganyikiwa na msiba, mwacheni apumzike." Akaninyanyua kwa mkono, taratibu kabisa, kama mtu mwema. Nafikiri alidhani ananiokoa. Nyumbani nikamwambia tena, sisi wawili tu. Akawasha televisheni.

Wanasema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Changu hakikuwa na mshindo wowote. Nilikaa kimya vizuri mno, mama, na kimya hicho ndicho kilichotoa ushahidi dhidi yangu.

Sikuombi uje, wala usimtume kaka. Akija watakaa wanaume sebuleni, watanywa soda, wataelewana. Kile kitanda mpe mjukuu mwingine asilale chini. Shuka la maua uliloshona, kama hujalikata, niwekee mimi.

Nisalimie shangazi mkubwa aliyenitoa unyago, mwambie mafunzo yake yote niliyashika. Msalimie mjomba katekista aendelee kutuombea, na wifi, mke wa kaka, ambaye najua anasikia mengi na hasemi.

Nilikuwa nimeshakunja karatasi, mama, nimeikunjua tena. Mchana huu Atu alikuja akakaa kizingitini nyuma yangu, paka mapajani. Tangu kikao kile hajasema nami. Nikamsikia anasema kwa sauti ndogo, "Paka, mwambie mama asihangaike kumwandikia bibi. Mwambie nimekubali. Jumamosi nakwenda Tunduma."

Alikuwa karibu, ningenyoosha mkono ningemshika. Nilitaka kugeuka nimtazame usoni, nimwite jina lake. Badala yake, mama, nikabaki nimetazama karatasi, nikasema, "Paka, mwambie nimesikia."

Mwanao,
Vero