Ndizi za Mama Furaha

Baba Neema wangu,

Huku Fisksätra, Uswidi, jua linawaka na baridi haiondoki. Jana baada ya ibada, jirani Mkongomani wa Neema, Mama Furaha, alitukaribisha chakula. Akanipakulia sombe, kisamvu chao, iliyojaa mafuta na pilipili, nami nikaona aibu kukataa. Neema akanikanyaga mguu chini ya meza, ikabidi niseme ukweli, kwamba nina kiungulia.

"Ungesema tu, mama," akasema Mama Furaha. "Hata bwana yangu iko nayo."

Akanichemshia ndizi na karoti bila mafuta. Mumewe akasogeza sahani yake karibu na yangu.

Nimelala bila kifua kuwaka. Nikirudi nitapika hivyo hivyo, tutoe tofali moja kila upande kati ya yale uliyoniinulia kitanda kichwani kwa ajili ya kiungulia, nawe ulale bila kuteleza.

Nimekukumbuka,
Mama Neema