Mkono wa Baba Mdogo Fabiani

Jumatano, Julai. Gare.

Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, nguo nilizofua Jumapili bado mbichi, na nina hasira kiasi kwamba nimesahihisha madaftari ya darasa la sita hadi kalamu imetoboa karatasi.

Jana walikuja watu wa filamu kutoka Dar. Wanatengeneza picha kuhusu vita vya Kagera, jinsi sinema ilivyotumika kuwahamasisha vijana wa vijijini waende kupigana. Walisikia kwamba gari la sinema lilifika hapa wakati ule, na kwamba shangazi yangu Melania alikuwapo. Mimi ni mwalimu, Kisambaa nakijua na Kiswahili nakijua, basi wakaniomba nitafsiri. Nilikubali haraka. Nilitaka jina langu litokee mwisho wa filamu, nisijifanye mtakatifu.

Mwongozaji ni kijana mpole wa sauti, lakini king'ang'anizi. Kwanza alimtoa shangazi kwenye kochi lake akamkalisha jikoni kwenye mafiga. Shangazi anapikia gesi mwaka wa nne huu. Kisha akamwomba aongee Kisambaa, eti Kiswahili hakina uzito. Huyu ni mwanamke aliyefundisha kwaya ya parokia kwa Kiswahili tangu sijazaliwa. Aliniangalia, akajifunga kanga vizuri, akaongea Kisambaa.

Alisimulia kwamba jioni ile walitundika shuka jeupe uwanjani. Picha ikaonyesha vijana wa mahali pengine wakijitolea, wanashangiliwa, wanapanda malori wakiimba. Asubuhi yake mpiga picha akawakusanya vijana wa hapa, akaweka kamera, na aliyekuja naye akauliza nani yuko tayari kwenda. Baba mdogo Fabiani, kitinda mimba wa nyumba ya bibi, akanyoosha mkono.

Alinyoosha, alisema shangazi, kwa sababu alitaka aonekane kwenye sinema. Wenzake pia. Wengine walidhani mkono ni wa picha tu. Lakini majina yaliandikwa, kijiji kizima kilikuwa kinatazama, na kwetu mtu hashushi mkono aliounyoosha mbele za watu. Bibi alimsihi aende akafute jina. Alikataa, aliona aibu.

Gari liliporudi na picha iliyopigwa asubuhi ile, habari za kifo chake vitani zilikuwa zimeshafika. Shangazi alikwenda uwanjani ili amwone mdogo wake. Fabiani alikuwa mfupi, na alisimama nyuma. Kilichoonekana ni mkono wake tu. Aliutambua kwa kitambaa kwenye kidole, alichomfunga yeye mwenyewe asubuhi ile, Fabiani alipojikata akikata majani ya ng'ombe.

Mwongozaji akanigeukia, kamera nayo ikanigeukia. "Mwalimu, anasemaje? Kwa kifupi, alijitolea kwa moyo, siyo? Hapo tunahitaji hivyo."

Nikasema kwa niaba ya shangazi, "Mdogo wangu alijitolea kwa moyo wote."

Nilisema hivyo. Mimi.

Taa ilikuwa usoni, watu wanne wamesimama wanangoja, majirani wamejaa mlangoni. Sikutaka kuonekana mgumu.

Shangazi alisikia kila neno, maana Kiswahili anakijua kunishinda. Aliwapa wageni chai na viazi, akawaombea safari njema. Adabu zetu hizi zitatuua. Walipoondoka tukawa tunaosha vikombe, akaniambia bila kunitazama, "Mwanangu, na wewe umenyoosha mkono."



Leo wakati wa mapumziko nimempigia mwongozaji. Anasema si uongo, ni kurahisisha, watazamaji watachanganyikiwa. Kinachonichosha ndicho hicho. Umetoka Dar kuja kueleza jinsi kamera ilivyowaelekeza watu wa Gare cha kufanya, halafu unaweka kamera yako Gare na kutuelekeza cha kusema. Nimemwambia hivyo. Amecheka, akaniita dada, akanikumbusha kwamba anasubiri maandishi ya chini ya picha kesho kabla ya saa nne.

Ningependa kumaliza hasira zote kwake. Sehemu yake anayo. Lakini hakunishika mdomo.

Basi maandishi nimeyaandika, neno kwa neno: "Mdogo wangu alitaka aonekane kwenye sinema. Tuliona mkono wake tu." Chini yake nimeongeza kwamba wasipoyaweka hivyo, watoe sauti yangu, na jina langu lisitokee popote. Asubuhi nitampelekea shangazi ayasome kwanza, akiwa kwenye kochi lake.

Fabiani alikuwa na miaka kumi na tisa, akaona aibu kwenda kufuta jina. Mimi nina arobaini na sita.