Mama Anaolewa

Mnyuzi, Korogwe
Agosti 1956

Mwanangu Josefina,

Nakusalimu wewe, mumeo na wajukuu zangu huko Nairobi. Sisi wastaafu wa chuo tungali tunakutana kila Jumapili alasiri. Mzee Mhina, mpishi wetu wa zamani, bado anatupikia makande, na bado anazidisha chumvi.

Mwalimu Gregori, yule wa hesabu, msimu huu alinisaidia kulima shamba lote. Jumapili moja, mbele ya wenzetu, aliweka kikombe chini akasema, "Stefania, mimi mjane na wewe mjane. Unaonaje tukioana?" Mzee Mhina akaacha kupakua. Nami nikaitikia kabla sijaona haya.

Kaka yako Eliasi alikasirika. "Mama, watu watatucheka," akaniambia, akaacha kukanyaga kwangu. Nililia, sikufichi. Baba yako nilimuuguza mpaka mwisho, na kaburi lake napalilia mwenyewe. Lakini jioni nyumba huwa kimya mno, na Gregori hunichekesha.

Jana mke wa Eliasi alikuja na kitambaa cheupe, kizuri sana. Nikamshukuru.

"Usinishukuru mimi, mama," akasema. "Mwanao ndiye aliyekinunua. Anaona haya tu kukuletea."

Nikamwambia, "Mwambie aje ale. Sijapata kumfungia mlango."

Leo mchana amekuja, akala, akauliza ndoa ni lini. Ni mwezi ujao, mwanangu. Njoo ukae naye benchi la mbele.

Mama yako akuwazaye,
Stefania